Bi Koleo, Aliyefunga Nyavu Zilizoachwa Wazi

Mwaka umekamilika, Bi Koleo wetu, tangu ulipotutoka, na majani yanapukutika tena kama yalivyokuwa yakipukutika wiki ile. Ndege wameanza kushuka kutoka kaskazini. Alfajiri wanapita juu ya paa la nyumba yako wakiitana, na mumeo akiwasikia huacha kikombe mezani akatoka nje bila koti, kama ulivyokuwa ukifanya wewe huku yeye akikufokea.

Wengine wanaoandika kwenye ukurasa huu wa kumbukumbu za marehemu huwaambia wapendwa wao kwamba wamepoa, wamemwachia Mungu. Sisi hatujapoa. Tumeona tukuambie ukweli, maana hukuwa mtu wa kuvumilia maneno ya kuzunguka mbuyu. Na kama kuna mtu mwingine anayesoma tangazo hili akitafuta jina lake, asijisumbue. Jina lake hatukuliandika, lakini yumo.

Tuanze na wewe.

Ulikuwa fundi wa meno ya bandia. Karakana yako ilikuwa chumba kimoja nyuma ya zahanati ya meno, chenye dirisha lililotazama kibao cha duka la rangi, na harufu ya nta na plasta haikukutoka mwilini hata siku ya harusi ya binti yako. Nusu ya wazee wa mji huu wanatafuna kwa kazi ya mikono yako. Ukikutana nao barabarani hukuwatazama machoni, uliwatazama mdomoni. Ukiona jino limekaa upande, ulimshika mtu kidevu palepale mbele ya watu ukamwambia, "Njoo kesho nikukwangulie. Unatembea na kazi yangu kama mtu aliyevaa shati nje ndani."

Lakini kila mwaka ndege walipopanda kaskazini, na tena walipokuwa wakishuka, akili yako ilihamia pwani, kwenye ile ncha ya mchanga inayoingia baharini. Uliondoka nyumbani giza halijatoka. Wewe na wenzako mlitandaza nyavu laini kama utando wa buibui katikati ya vichaka, mkawatoa ndege walionaswa, mkawavisha mguuni pete ndogo zenye nambari, mkawapima mabawa na uzito, mkawaachia waendelee na safari yao. Koleo la kubania pete ulilishika vilevile ulivyolishika koleo la waya wa meno. Ndipo wenzako wakakuita Bi Koleo, na jina likakufuata hadi nyumbani, mpaka na mama mkwe akalitumia.

Mdogo wako alikuuliza siku moja unapata nini kule zaidi ya mafua. Ukamjibu, "Maisha yangu yote nashughulika na wenye meno, na wananiuma. Acha nipumzike kidogo na wasio nayo."

Hukuwa mpole, na hatutakuvika upole leo kwa sababu umekufa. Mtu akipiga kelele karibu na nyavu ulimfukuza. Mtu akimshika ndege vibaya ulimpokonya, ukampa mgongo siku nzima. Lakini tulikuona pia ukiwa umekaa kwenye kibanda cha mbao, kitwitwi mdogo kichwa kikiwa katikati ya vidole vyako viwili, ukimpulizia manyoya ya kifuani uone kama ana mafuta ya kutosha kumfikisha anakokwenda, na ukimwambia kwa sauti ambayo sisi hatukuwahi kuisikia nyumbani, "Kula kwanza, mama. Kule mbele hakuna wa kukupa."

Mumeo ni fundi cherehani, na ulimwita Sufi kwa ulaini wake. Ndiye aliyeshona ile mifuko ya kuwatia ndege, kwa mashuka yenu yaliyochakaa, mishono ikiwa nje ili kucha zao zisinase kwenye nyuzi. Mengine ya ndege hakuyajua wala hakutaka kuyajua. Alisema kazi yake ni kukushonea, kukupashia chai, na kuwaomba radhi watu uliowatukana.

Sasa tuje kwa huyo mwingine.

Mwenyekiti wa chama chenu cha kuvisha ndege pete ana duka la samani, sauti nzuri na meno yake mwenyewe, jambo ambalo wewe ulilitilia shaka. Alikuita dada. Kwa udada huo akamwita mumeo shemeji, akazoea meza yenu, akawa hapiti mlangoni bila kuuliza kuna nini jikoni. Uliwaonya wanachama wote, na yeye wa kwanza, kwamba wavu ulio wazi hauachwi hata kwa dakika ya kwenda kujisaidia. "Ni sawa na kumwacha mtoto mbele ya jiko," ulisema. Yeye alicheka akasema dada anapenda kutisha watu.

Siku ile zamu ilikuwa yake. Asubuhi alionekana ndege mgeni upande wa mnara wa taa, mchanga, wa njano, aliyepotezwa na upepo, ambaye watu wa pwani hii hawakuwahi kumwona. Habari zikaruka. Mwenyekiti alikuwa na wageni wake wa mjini na mpiga picha wa gazeti. Akafunga mlango wa kibanda, akatia ufunguo mfukoni, akaongoza msafara kwenda mnarani ili picha ya ndege itoke na yeye akiwa pembeni. Nyavu akaziacha zimetandazwa.

Mchana upepo ukageuka. Wewe ulikuwa karakanani, ukaona kile kibao cha duka la rangi kinavyopigapiga ukuta. Ukampigia simu. Mumeo alikuwa amekuletea chakula, kwa hiyo alisikia yote.

"Nyavu umefunga?"

"Zimefungwa, dada. Usijitie presha."

"Umezifunga wewe mwenyewe?"

"Nimesema zimefungwa. Jamani, dada, njoo umwone mgeni wetu badala ya kugombana na mimi."

Ulikata simu ukabaki umeitazama. Ukamwambia mumeo, "Huyu anasema uongo. Nyuma yake watu wanacheka, na upande ule hakuna nyavu." Mumeo akasema anakuja nawe. Ukamtazama viatu vyake ukamwambia akamalizie suruali ya yule bwana harusi, wewe unakwenda na kurudi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyomwambia ukiwa na afya yako, Bi Koleo. Suruali ya bwana harusi.

Yaliyotokea kule tumeyapata kwa tarishi, yule mrefu uliyekuwa ukimtania kwamba anawagonga mbayuwayu kwa kichwa. Alikuwa akimaliza kugawa barua nyumba za ufukweni akaliona koti lako la buluu kwenye vichaka, mvua ikinyesha kwa upande. Nyavu zilikuwa zimejaa. Chiriku, vitwitwi na ndege wadogo wa vichakani walikuwa wamelowa chepechepe, wamejisokota kwenye nyuzi. Tarishi alikuwa ng'ambo ya shingo, ile sehemu ya chini inayounganisha ncha na bara, na maji yalikuwa yameshaanza kuipanda. Akakuita kwa sauti yake yote urudi. Ulimpungia mkono, kwa namna ya mtu anayefukuza nzi.

Uliwatoa mmoja mmoja, miguu kwanza, kisha bawa, kisha kichwa. Waliokuwa na nguvu ukawaachia. Waliolowa ukawatia mifukoni, mifuko ukaiweka ndani ya koti. Kila wavu ulioutoa ndege uliukunja na kuufunga kabla hujaenda mwingine. Ulipomaliza, shingo ilikuwa imemezwa. Ukaenda kwenye kibanda. Ndani mna jiko, mablanketi na mkebe wa chai, mtu angeweza kukaa humo mpaka maji yapungue, akakasirika kwa raha zake. Tarishi alikuona ukitikisa mlango. Alikuona ukiupiga teke. Kisha akakuona ukigeuka ukaingia majini, ukiwa umevua koti na kulibeba juu ya kichwa kama mtungi, mawimbi yakikupiga kifuani.

Tarishi akaingia majini mpaka katikati akakushika. Kitu cha kwanza ulichomwambia, meno yakigongana, kilikuwa, "Shika hili koti. Usilibane."

Ndege wale walikauka jikoni kwako kando ya jiko, na asubuhi binti yako akawafungulia dirisha. Wewe hukukauka. Baridi ilishakuingia mapafuni.

Pale hospitali mdogo wako alikugombeza, na tunaliandika hili kwa sababu hata na wewe tuna neno. Alisema, "Dada, wale ni ndege. Wakifa wanazaliwa wengine. Wewe uko mmoja tu. Kwa nini hukuwaacha?" Ulikuwa na mpira wa hewa puani. Ukautoa ili ujibu vizuri.

"Nikiwaacha, nitarudi nyumbani nikiwa nani?"

Mdogo wako alitoka nje ya wodi akaupiga ukuta kofi. Mpaka leo hajalikubali jibu hilo. Anasema ungerudi tu, ukiwa yeyote yule, tungekupokea.

Siku ya tatu haikukukuta.

Kwenye mazishi Mwenyekiti aliomba kusema machache. Akasema bahari imemchukua mpenzi wake. Gazeti likaandika kwamba ulikufa ukifanya ulichokipenda, na picha waliyoweka ilikuwa ya yule ndege wa njano. Mdogo wako alilisoma mara mbili kisha akasema mbele ya waombolezaji, bila kuteremsha sauti, "Dada yangu alichokipenda ni kulala mchana, chai ya moto, na kumsema huyu bwana. Kufa kwa baridi hakukuwamo."

Mumeo alisubiri watu waondoke, akampigia simu Mwenyekiti, akamwuliza jambo moja tu: kwa nini ulimwambia zimefungwa?

"Shemeji, ajali haina kinga."

"Nimekuuliza kwa nini ulimwambia zimefungwa."

"Nilijua nitarudi mapema kuzifunga. Shemeji, na mimi nimefiwa. Na mimi nalia."

Mumeo akaweka simu chini taratibu. Tangu siku hiyo, Bi Koleo, ule ulaini uliomtania nao umekwenda. Hapigi kelele. Lakini mteja akija na porojo anamwambia, "Sema kipimo." Mwenyekiti alileta kitambaa kizuri ashonewe koti la hafla. Mumeo alikikunja upya, akakitoa nje na kukiweka juu ya boneti ya gari lake, akarudi cherehani.

Halafu akafanya jambo ambalo hatukulitegemea. Ndege waliporudi kupanda kaskazini, alimfuata tarishi akamwambia, "Nifundishe." Tarishi alidhani ni huzuni tu, itapita. Haikupita. Kila alfajiri mumeo alikuwa kule, na miwani yake ya kushonea. Mwanzoni vidole havikujua pa kushika. Kitwitwi wa kwanza alimnyea hadi kwenye kiwiko, na mdogo wako akasema hiyo ni salamu yako. Lakini mtu aliyefumua nyuzi maisha yake yote hafundishwi mara nyingi namna ya kumfungua ndege. Kufikia kiangazi tarishi alikuwa akimwita yeye kwenye wavu uliojisokota.

Mwenyekiti alipita mara nyingine, akawaona, akasema, "Vizuri, shemeji, vizuri," kama mtu anayesifia mtoto wa jirani. Mumeo akaendelea kufungua nyuzi.

Mwezi huu, kumbukumbu yako ilipokaribia, Mwenyekiti alitangaza siku ya heshima. Akaagiza ubao wa kutundika kwenye kibanda, wenye picha yako, na wewe ukiwa unacheka. Hatujui waliipata wapi, wewe uliyefumba mdomo mbele ya kila kamera kama mwenye siri. Chini ya picha waliandika "Mama wa Ndege, zawadi ya bahari." Familia tukaalikwa, viti vya mbele.

Binti yako alisema tusiende. Mdogo wako alisema twende, na atakwenda na mwavuli wenye ncha. Mumeo akasema, "Tutakwenda. Mtakaa kimya. Mimi ndiye mfiwa."

Tukaenda. Walikuwapo wageni, mpiga picha yuleyule, vikombe vya karatasi na kipaza sauti. Nyavu zilikuwa zimetandazwa nyuma ya viti, ili wageni waonyeshwe ndege akivishwa pete baada ya hotuba. Bahari ilikuwa tulivu tulipokaa. Mwenyekiti akaanza. Alisema ulikuwa mtu wa tabasamu. Mdogo wako akakohoa. Alisema alikuwa kama ndugu yako wa tumbo moja. Binti yako akamshika mdogo wako mkono, ule ulioshika mwavuli.

Hapo ndipo upepo ulipogeuka. Wewe ungeujua kabla yetu. Sisi tuliona tu vikombe vikianguka na karatasi ya hotuba ikikunjamana. Tone moja, la pili. Nyavu zikaanza kutuna kama nguo kwenye kamba.

Mumeo akasimama.

"Keti kidogo, shemeji," Mwenyekiti akasema kwenye kipaza sauti, akitabasamu. "Nakaribia kumaliza."

"Upepo," mumeo akasema, akaanza kutembea kuelekea vichakani.

"Shemeji, jamani! Wageni bado hawajaona. Ni dakika chache tu. Nani amekuruhusu kugusa nyavu?"

Mumeo hakugeuka. Wavu wa kwanza ulikuwa na sululu amenaswa bawa, ndege mkubwa, mwenye mdomo mrefu kama sindano ya magunia, akipiga kelele. Mumeo akavaa miwani, akamshika mapaja, akazilegeza nyuzi moja baada ya nyingine, mvua ikimdondoka puani. Alimwachia kwa mikono miwili. Kisha akaukunja wavu na kuufunga, akaenda wa pili.

Tarishi akainuka. Kisha mwalimu wa jiografia, yule mama mnene uliyekuwa ukimsifu kwamba anajua kunyamaza. Kisha binti yako, kwa viatu vya kisigino, akizama mchangani. Viti vikaachwa kimoja kimoja. Mwenyekiti aliendelea kuzungumza, Bi Koleo. Wallahi aliendelea. Tulikuwa vichakani tunafunga nyavu na ile sauti nzuri ikituambia ulivyokuwa unaipenda kazi, mpaka mpiga picha naye alipotia kamera ndani ya koti akaja kuuliza ashike wapi.

Zilipofungwa zote, Mwenyekiti alitufuata, suti imelowa, mkono ameunyoosha.

"Shemeji, mwaka mzima sasa. Tusameheane. Hata yeye angependa tusameheane."

Mumeo alivua miwani akaifuta.

"Usiniite shemeji," akasema. "Undugu ule niliupata kwa mke wangu, na wewe ulimfungia nje. Msamaha wako ulikuwa kwake. Alikaa hospitali siku mbili na nusu akingoja umwambie tu kwamba ulimdanganya. Ulileta maua."

"Nilikosa maneno."

"Leo umeyapata wapi?"

Mkono ulibaki hewani, mvua ikiupiga, kisha akaurudisha mfukoni. Mwalimu wa jiografia, ambaye hatujui kama aliwahi kusema sentensi tatu mfululizo, akamwambia mbele ya wote, "Funguo za kibanda, tafadhali. Na uenyekiti uache pamoja nazo." Hakuna aliyemtetea. Alizitupa mchangani akaenda kwenye gari lake, na mdogo wako akaziokota kwa ncha ya mwavuli.

Ule ubao haukutundikwa. Binti yako alikata picha akaitia kabatini, kwa sababu, asema, hata kama si wewe unavyopenda kuonekana, meno yametoka vizuri.

Hatuna habari nyingine njema. Nyumba ni kimya kupita kiasi. Hakuna anayetugombeza. Mwenyekiti wa zamani bado yupo mjini, bado anauza vitanda, anatusalimia barabarani, na hatuitikii. Watu wazima wametushauri kwamba kinyongo kinamla anayekibeba. Tumewasikia. Tumeamua kukibeba zamu kwa zamu.

Wanaokukumbuka ni mumeo, fundi cherehani, ambaye sasa ana koleo lake mwenyewe; binti yako na mumewe; mdogo wako wa kike, ambaye bado hajakubali jibu lako; mama mkwe wako, aliyeanza kukuita Bi Koleo kwa kejeli na sasa analitamka akilia; tarishi, ambaye tumemhesabu ndugu; na wale wazee wote wanaotafuna leo kwa mkono wako.

Lala, Bi Koleo. Nyavu zimefungwa, na safari hii anayekuambia ni mtu aliyezifunga mwenyewe. Wewe tutakukumbuka siku zote za maisha yetu. Na yeye pia hatutamsahau.